Rangi za Keki ya Bebi Shawa Zimetoka Mbali (Sehemu ya 3)

Leo tuongee keki.

Najua umeshachagua thimu: dubu mdogo amekaa juu ya mawingu, taji la dhahabu, fondanti ya bluu au ya pinki. Mashosti wamechanga, fundi keki ameshapewa advansi. Kabla hajaanza kukoroga rangi, nikusimulie rangi hizo zimepita wapi, maana hadithi yenyewe ina wagonjwa ndani yake, na mimi ni nesi.

Zamani rangi ya chakula ilitoka shambani. Njano ni zafarani au manjano, kijani ni maji ya majani kama spinachi. Nyekundu nzuri kuliko zote ilitoka kwa mdudu mdogo wa Mexico anayeishi kwenye mpungate, anakaushwa, anasagwa. Ndiyo mama, mdudu, na mpaka leo anatumika. Shida ni kwamba rangi za namna hiyo nyingine zilikuwa ghali, nyingine zilipauka upesi.

Basi wauza pipi wa Uingereza wakakimbilia rangi za madini. Mwaka 1820 mkemia Mjerumani aliyekuwa akiishi London, Friedrich Accum, alitoa kitabu akieleza kwamba pipi nyekundu za watoto zilitiwa rangi yenye zebaki na risasi, na kijani ilitokana na shaba. Miaka ya 1850 daktari Arthur Hill Hassall akaenda mbali zaidi. Alinunua vyakula madukani, akavipima kwa hadubini na kemikali, majibu yakachapishwa kwenye jarida la The Lancet pamoja na majina ya wauzaji. Yaani ukiuza sumu, jina lako lipo pale. Kwenye pipi za njano alikuta risasi, kwenye za kijani aseniki.

Halafu ikaja Bradford, 1858. Sukari ilikuwa ghali, kwa hiyo watengeneza pipi walizoea kuichanganya na unga wa jasi ili iongezeke. Siku hiyo dukani wakapewa aseniki badala ya jasi, kwa kukosea pipa. Pipi za mnanaa zikauzwa sokoni. Watu kama 20 walikufa, zaidi ya 200 wakaugua, na watoto walikuwemo. Sheria za kuzuia uchakachuaji wa vyakula zikafuata mwaka 1860 na 1875.

Katikati ya hayo kuna kitu ambacho sisi wa nchi za malaria tutakipenda. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini maabara. Kwinini hakuipata, akapata zambarau inayong'aa kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Huko ndiko ulikoanzia ukoo wa rangi za viwandani, zikiwemo nyingi za kwenye vichupa vya fundi wako. Marekani walitunga sheria yao ya chakula mwaka 1906, na mwaka uliofuata wakaruhusu rangi saba tu za aina hiyo. Mojawapo ilikuwa rangi ya chungwa, na ndiyo hiyo hiyo iliyougusha watoto mwaka 1950 walipokula pipi za sikukuu ya Halloween. Ikaja kuondolewa. Kwa hiyo hata "imeruhusiwa" huwa inaangaliwa upya, na ni vizuri iwe hivyo.

Sasa usiseme hayo ni ya mabibi. Mwaka 2018, jimbo la Rhode Island huko Marekani, watoto sita waliugua baada ya kula keki ya sherehe ya kuzaliwa, wanatapika, wanaharisha. Keki ilipakwa unga wa kung'aa rangi ya dhahabu-pinki, ile ile tunayoipenda kwenye bebi shawa. Walipoupima, ulikuwa umejaa shaba. Haukuwa wa kula, ulikuwa wa mapambo. Jimbo la Missouri nako mtoto mdogo alikutwa na risasi kwenye damu, na unga wa njano uliopambia keki ulikuwa na risasi kama robo yake.

Risasi kwa mjamzito naiogopa zaidi. Inapita kwenye kondo la nyuma, inamfikia mtoto, na ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa.

Kwa hiyo muombe fundi akuonyeshe kopo lenyewe la huo unga, siyo picha. La kula linasema wazi kwamba ni la kula, na lina orodha ya viambato kama pakiti ya biskuti. Likisema tu "halina sumu", au "kwa mapambo", hilo si la kula, hata kama kila mtu mtaani analitumia. Usione aibu kuuliza, keki umeilipia. Na kama taji limeshapakwa unga usioeleweka, liwekwe kwenye kisahani pembeni ya keki. Kwenye picha litaonekana vizuri tu. Likiwa limeshakaa juu ya keki, liondoeni pamoja na krimu yote iliyoligusa, halafu ndiyo kisu kipite.