Nani Huwatunza Wanaotufundisha?

Tulipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu wetu mmoja alikuwa akishika ukingo wa meza kila alipoinuka. Tulidhani ni umri. Kila asubuhi ibadani tuliwaombea walimu na wafanyakazi wote wa chuo, naye ameketi benchi la mbele. Tukaitikia amina, tukaingia darasani. Asubuhi moja benchi lile lilikuwa tupu. Presha iliyomsumbua kwa miaka mingi ilikuwa imemwangusha usiku. Tulipokwenda kumpa pole mjane wake, alituambia bila hasira kwamba mume wake aliona haya kuomba ruhusa ya kwenda hospitali. Aliogopa watu wangesema kazi imemshinda.

Neno hilo limetufanya tuisome upya historia ya chuo ambacho sisi Walutheri tunakitaja kila tarehe 31 Oktoba. Chuo Kikuu cha Wittenberg, Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1502, na tumezoea kukikumbuka kwa hoja 95 za mwaka 1517. Leo tukikumbuke kwa jambo lingine: jinsi waliofundisha pale walivyougua, na jinsi walivyotunzana.

Tarehe 6 Julai 1527 Martin Luther, akiwa na umri wa miaka 43, alizidiwa. Asubuhi moyo wake ulijaa hofu kubwa hata akamwita Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji, aje amsikilize ungamo lake. Jioni masikio yake yalivuma, miguu ikalegea, akaanguka. Rafiki yake Justus Jonas, mwalimu mwenzake aliyekuwa amealikwa chakula, alimmwagia maji. Akaitwa Augustin Schurff, aliyefundisha udaktari katika chuo hicho hicho, akaupasha moto mwili wake uliokuwa umepoa. Tuwatazame waliokizunguka kitanda kile: mchungaji, rafiki na daktari. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba kazi yake haihitajiki. Mwili wa Luther ulipata nafuu upesi, lakini huzuni ya roho iliendelea kwa miezi. Naye hakuificha, aliwaandikia marafiki akiwasihi wamwombee.

Haukupita muda, tauni ikaingia mjini. Mwezi Agosti chuo kilihamishiwa Jena, walimu na wanafunzi wakaondoka. Mtawala Johann alimtaka Luther naye aende, lakini alibaki pamoja na Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa. Nyumba ya Luther, iliyokuwa zamani monasteri, ikawa kama hospitali. Mke wake, Katharina von Bora, alikuwa mjamzito na huku nyumbani mwake wamelala wagonjwa. Bugenhagen alifiwa na dada yake, Hanna, mke wa shemasi Georg Rörer. Yeye na jamaa yake wakahamia kwa akina Luther, nao wakafarijiana. Mwezi Desemba Katharina alijifungua binti, Elisabeth, ambaye hakufikisha mwaka mmoja.

Katika miezi hiyo Luther aliandika waraka kujibu swali la wachungaji wa Breslau: je, Mkristo aweza kuikimbia tauni? Alisema wachungaji, viongozi wa mji na wote wenye wajibu kwa jirani wasiwaache wagonjwa. Lakini asiye na wajibu huo, au ambaye nafasi yake imeshikwa na mwingine, yuko huru kuondoka, wala asihukumiwe. Alisema pia kwamba dawa imetoka kwa Mungu, na anayeikataa kwa kudai kwamba anamtegemea Mungu, huyo anamjaribu Mungu. Kwa hiyo waliokwenda Jena hawakuwa waoga, na waliobaki hawakuwa wakitafuta sifa. Kuwaondoa walimu kwenye hatari kulikuwa ni kuwatunza.

Miaka ilipopita, utunzaji huo uliendelea kwa njia za kawaida. Mwaka 1536 Philipp Melanchthon, aliyeandika Ukiri wa Augsburg, alijengewa nyumba nzuri ili asiuache mji ule. Mwaka 1540 aliugua sana akiwa safarini, huko Weimar, dhamiri ikimlemea kwa ajili ya ndoa ya pili ya mtawala Philipp wa Hesse, ambayo yeye na Luther walikuwa wameishauri kwa siri. Hakutaka hata kula. Luther alisafiri mpaka kwake, akaomba kwa nguvu, kisha akamshurutisha ale. Tunaikumbuka sana sala ile na kukisahau chakula.

Lakini historia hii ina doa. Luther alipofariki mwaka 1546, Katharina, aliyewauguza wengi, alibaki mjane katika shida. Vita viliharibu mashamba yake. Mwaka 1552 tauni ilirudi, chuo kikahamishiwa Torgau, naye akaondoka na watoto wake. Njiani alianguka kutoka kwenye gari la farasi, akaumia, na tarehe 20 Desemba akafariki huko Torgau. Chuo kilijua kuwatunza maprofesa wake. Mwanamke aliyewapikia na kuwauguza hakupata ulinzi kama huo.

Wapendwa, sharika zetu zina watu wengi wa vyuo. Kuna wahadhiri, lakini wapo pia wapishi, walinzi, watunza maktaba, wahasibu na wafagiaji. Baadhi ya vyuo vina zahanati, bima ya afya na mshauri nasaha, nasi tunamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini zahanati haimsaidii anayeona haya kuingia. Haya hiyo mara nyingine tumeipanda sisi wenyewe, tunapomsifu mtumishi kwa sababu hajawahi kuchukua likizo, au tunaposema kwamba mwenye imani haendi kwa mshauri.

Elia alipochoka hata akaomba afe, tunasoma katika 1 Wafalme 19, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye.

Basi tufanye mambo madogo. Baada ya ibada tumuulize mwalimu au mpishi wa chuo: umepima presha lini? Unalala? Wazee wa kanisa wanaokaa katika bodi za vyuo waulize kama mlinzi wa usiku naye ana bima, na kama wajane wa wafanyakazi wametembelewa. Na sisi wachungaji tuanze kuomba ruhusa ya kwenda hospitali hadharani, ili wengine wasione haya. Mwalimu wetu yule aliketi benchi la mbele kwa miaka mingi. Tulimwona kila siku, na hatukumuuliza.