Mdukuzi au mhujumu?

Kamusi za zamani zina mdukizi: mtu anayetega sikio kusikiliza ya wenzake kwa siri. Mdukuzi wa leo ni kama nduguye, ila yeye hupenya kwenye kompyuta.

Lakini tarehe 23 Desemba 2015, wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine walizimiwa umeme kupitia kompyuta za mashirika ya umeme. Mwaka 2020 Marekani iliwashtaki maofisa sita wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi kuhusiana na tukio hilo. Kitendo hicho cha kuzima umeme tukiite udukuzi? Hapana. Neno tunalo, tena Watanzania walilizoea tangu msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Sokoine mwaka 1983: uhujumu. Mdukuzi huiba siri; mhujumu huangusha kitu kinachotegemewa na wengi.

Huku kwetu Tanzania navyo vipo vitu vinavyotegemewa na wengi: njia ya umeme ya kilovoti 220 inayokwenda Songea huanzia kituo cha Makambako. Kule Ikonda, Makete, hospitali ya Wamisionari wa Consolata hupokea wagonjwa kutoka mikoa ya mbali, na mgonjwa aliye mezani kwa upasuaji hawezi kungoja umeme urudi.

Wahariri wenzangu, dola ya kigeni ikizima mitambo ya watu, andikeni uhujumu.