Sauti na Joto la Maji

Maji ya Ziwa Viktoria yapigayo fukwe za Geita, kuanzia Nungwe hata Nkome, hupitisha sauti kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa nukta moja, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Na kila joto lipandapo digrii 1, kasi hiyo huongezeka mita 3 hivi, hata mwenye kujua masafa na muda wa sauti aweza kukadiria joto la maji yote iliyoyapita.

Mwaka 1826, katika ziwa la Geneva, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm waliipima kasi hiyo: waligonga kengele chini ya maji, na papo hapo baruti ikawaka juu ili mwanga wake uwe ishara kwa msikilizaji wa ng'ambo: hila njema mno! Mwaka 1991, katika jaribio la kupima joto la bahari kwa njia hiyo, sauti kutoka Heard Island, kusini mwa Bahari ya Hindi, ilisikika hata pwani za Marekani.

Katika Ziwa Viktoria, tangu 1999, watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, na wenzao wa Kenya na Uganda hukadiria wingi wa sangara na dagaa kwa mwangwi, nao hupima joto kwanza, kwani asiyelijua hawezi kusema kwa yakini samaki yu katika kina gani.