Uchaguzi wa Jimbo la Kivu, 1960
Uchaguzi wa Jimbo la Kivu wa 1960 ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa bunge la jimbo hilo la Kongo ya Kibelgiji. Ulifanyika Mei 1960, sambamba na ule wa Baraza la Wawakilishi la taifa lenye viti 137. Makao makuu ya jimbo yalikuwa Bukavu, na Kivu ya siku hizo ilijumuisha pia Maniema. Wanawake hawakupiga kura. CEREA, chama cha Anicet Kashamura, kilitangulia, kikifuatwa na MNC ya Patrice Lumumba. Jean Miruho wa CEREA akawa rais wa serikali ya jimbo, naye Kashamura akawa waziri wa habari katika serikali ya taifa huko Léopoldville. Wabunge wa jimbo ndio waliochagua maseneta 14 wa Kivu, wakiwemo machifu.