Jeki za kutuliza trela ya mapumziko si za kuinulia

MSAFIRI wa Marekani anayekokota trela ya mapumziko nyuma ya gari lake huwa amebeba nyumba nzima: vitanda, jiko, choo na meza ya kulia. Tatizo hujitokeza akishaegesha. Trela hubaki imekalia springi na magurudumu, hivyo kila mtoto anapogeuka kitandani nyumba yote huyumba mithili ya mashua.

Ndiposa wengi huongeza jeki za kutuliza, kwani zile za kiwandani mara nyingi huwa nyepesi, au ni mbili tu upande wa nyuma. Karavani za Uingereza kwa kawaida huuzwa zikiwa na jeki nne, moja katika kila pembe.

Zinazopendwa zaidi ni jeki za mkasi, ambazo hufunguka na kujikunja kwa kuzungusha skrubu ndefu. Nyingi huandikwa uwezo wa ratili 5,000, yaani takriban kilo 2,270 kila moja.

Takwimu hiyo ndiyo huwaponza watu. Mtu huona jeki nne, akajumlisha, akadhani anaweza kuinua trela yote. Kumbe kazi yake ni kuzuia mtikisiko tu. Uzito sharti ubaki kwenye magurudumu. Anayeinulia pembe moja huweza kupinda fremu, na dalili ya kwanza huwa mlango unaokataa kufunga. Anayejipenyeza chini ya trela iliyoshikiliwa na jeki hizi pekee anahatarisha uhai wake.

Jeki hufungwa kwenye vyuma vikuu viwili vinavyopita urefu wa trela, wala si kwenye vyuma vyembamba vya kando. Jozi moja huwekwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, karibu na pembe. Hata hivyo, zikisogezwa hadi mwisho kabisa wa nyuma zitakwaruza ardhi trela inapopanda mwinuko wa ghafla.

Kabla ya kutoboa, fundi achungulie kwanza nyaya za umeme na mabomba ya gesi, kwani aghalabu hupitishwa kando ya fremu.

Kuchomelea ni imara, lakini huunguza rangi na kualika kutu, na jeki ikipinda ni shida kuibadilisha. Boliti, kwa maoni yetu, zina nafuu. Anayechomelea lazima atenganishe betri kwanza. Isitoshe, kuna fremu, hasa za Ulaya zilizopakwa zinki, ambazo watengenezaji hukataza kutobolewa au kuchomelewa. Kitabu cha mwongozo kisomwe kabla ya kununua chochote.

Kambini, utaratibu haubadiliki. Trela husawazishwa kwanza upande kwa upande kwa mbao chini ya magurudumu, ikawekewa kabari, ndipo ikafunguliwa kutoka kwa gari. Jeki ya mbele husawazisha urefu. Hatimaye zile nne huteremshwa juu ya vipande vya mbao hadi zigande, kisha zikakazwa kidogo tu.

Mtikisiko wa mbele na nyuma hautaisha kabisa. Kwa trela ya ekseli mbili, dawa yake ni kabari ya kutanuka inayobanwa kati ya magurudumu. Skrubu nazo zipakwe kilainisho kikavu, maana grisi hunasa vumbi la barabarani.