Nikeli ya Dutwa na Kadhia ya Sumaku na Sauti

Msafiri atokaye Lamadi, penye ufuo wa Ziwa Viktoria, akashika njia ya Bariadi, hupita Dutwa, na aghalabu macho yake hushikwa na pamba iliyopasuka kuliko vilima vya jirani; ilhali ni humo, katika Wamangola na Ngasamo, kampuni ya Uingereza iitwayo African Eagle ilimotoboa mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, ikakuta nikeli nyingi ndani ya udongo uliozaliwa na miamba iliyooza kwa mvua na jua dahari na dahari.

Nikeli hiyo, maadamu imefungamana na udongo, huificha tabia yake. Lakini ikisafishwa huwa mojawapo ya metali chache, pamoja na chuma na kobalti, zivutwazo kwa nguvu na sumaku katika joto la kawaida, na ikichomwa kupita takriban digrii 355 za Selsiasi huiacha tabia hiyo.

Kwamba sumaku na sauti zina udugu, jambo hilo lilianza kudhihirika mwaka 1837, Mmarekani Charles Page aliposikia sumaku ikitoa mlio kila mkondo wa umeme ulipokatwa katika waya uliokuwa karibu nayo. Na mwaka 1842 James Joule wa Manchester akathibitisha ya kuwa fimbo ya chuma, ikitiwa usumaku, hurefuka kwa kadiri ndogo mno. Nikeli, kinyume chake, hufupika: fimbo ya urefu wa mita moja hupungua kiasi cha theluthi ya unene wa karatasi ya kuandikia. Upungufu huo waonekana kuwa si kitu. Walakini metali hiyo ikifupishwa kwa usumaku na kuachiwa maelfu ya mara kwa sekunde, husukuma maji yaliyoigusa, na ndivyo mabamba ya nikeli yalivyotumiwa kupeleka sauti baharini kutafuta nyambizi katika Vita Vikuu vya Pili.

Naye mkazi wa Bariadi asimamaye usiku chini ya transfoma husikia mambo ya jamii hiyo hiyo. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko chuma cha ndani hurefuka na kurudi mara mbili, ndipo ukatoka ule muungurumo. Natamani sana watoto wa Dutwa wafunzwe habari hii wangali wakivitazama vilima vyao vyenye nikeli.

Wala udugu huo wa sumaku na sauti haukomei katika metali zivutwazo na sumaku. Baada ya mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes kuigeuza heli kuwa kimiminiko huko Leiden mwaka 1908, mlango wa baridi isiyo kifani ulifunguka, na kwa mlango huo wataalamu wa Joseph Heremans, katika Chuo Kikuu cha Ohio State, walitangaza mwaka 2015 jambo la ajabu zaidi. Walichukua fuwele ya indiamu na antimoni, isiyovutwa na sumaku hata kidogo, wakaichonga mfano wa uma wa meno mawili, moja pana kuliko lingine, wakaipoza hadi karibu digrii 268 chini ya sifuri. Na sumaku yenye nguvu ya tesla 7 ilipoizunguka, joto lililopita katika jino pana lilipungua kwa asilimia 12. Joto ndani ya fuwele kama hiyo huchukuliwa na mitetemo ya atomu, mitetemo iliyo ya jinsi moja na sauti, na sumaku ilikuwa imeisumbua mitetemo hiyo hata ikagongana zaidi njiani.