Hasankeyf: Mawe Yaliyohama na Mji Uliozama

Mwezi Mei 2017, kusini-mashariki mwa Uturuki, kaburi la karne ya 15 lilihamishwa likiwa zima. Lilikuwa kaburi la Zeynel Bey, mwana wa mfalme Uzun Hasan wa dola ya Akkoyunlu, aliyeuawa vitani mwaka 1473. Jengo hilo, lenye uzito wa tani zipatazo 1,100, lilipakiwa juu ya gari la magurudumu mengi na kusogezwa taratibu umbali wa kilomita 2 hivi, hadi mahali ambapo maji ya bwawa yasingelifikia. Wakuu wa serikali waliitaja kazi hiyo kuwa ushahidi kwamba urithi wa Hasankeyf umeokolewa.

Hasankeyf ulikuwa mji mdogo kando ya mto Tigris, ambao Waarabu huuita Dijla. Watu walianza kukaa hapo zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Waroma walijenga ngome; katika karne ya 12 watawala wa Kiartuki wakajenga daraja kubwa la mawe; Waayubi wakaacha misikiti, ukiwemo ule wa El-Rizk wa mwaka 1409. Miambani mlichongwa mapango kwa maelfu, na baadhi yake yalikaliwa na familia hadi nusu ya pili ya karne ya 20. Wenyeji, Wakurdi na Waarabu, walifuga, walilima na kufanya biashara chini ya miamba hiyo hiyo.

Mwaka 1978 serikali ya Uturuki yenyewe iliutangaza mji huo kuwa eneo la kihistoria linalolindwa. Hata hivyo, mpango wa kujenga bwawa la Ilısu upande wa chini wa mto haukufutwa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2006. Bwawa lilikusudiwa kuwa na kimo cha mita 135 na kuzalisha megawati 1,200 za umeme. Mwaka 2009 Ujerumani, Austria na Uswisi ziliondoa dhamana zao za mikopo, kwa kuwa masharti kuhusu mazingira, urithi na makazi ya watu hayakutimizwa. Uturuki ikaendelea kwa fedha za ndani.

Mlango wa kimataifa nao ulikuwa mwembamba. Kwa mujibu wa Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972, nchi ndiyo inayopendekeza eneo lililo ndani ya mipaka yake, na Uturuki haikupata kuipendekeza Hasankeyf. Wanazuoni na watetezi wa mji walikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2019 Mahakama ilikataa kulisikiliza shauri lao, ikieleza kwamba nchi za Ulaya bado hazijakubaliana kuwa mtu binafsi ana haki ya kudai ulinzi wa urithi fulani wa utamaduni. Kwa maneno mengine, aliyeutangaza mji kuwa hazina ndiye huyo huyo aliyeruhusiwa kuuzamisha, na aliyezaliwa humo hakuwa na pa kushitaki.

Julai 2019 bwawa lilianza kujazwa. Kufikia majira ya kuchipua ya mwaka 2020, mitaa ya chini na nguzo za daraja la Waartuki zilikuwa zimefunikwa. Kaburi, mnara wa El-Rizk na majengo mengine machache yamepangwa katika bustani karibu na mji mpya wa ng'ambo ya mto, walikohamishiwa wenyeji. Lakini mapango na mwamba havihamishiki. Mto nao, uliokuwa ukienda mbio katika bonde hilo, umegeuka ziwa. Kobe wa Furati mwenye gamba laini, aliye hatarini kutoweka, amepoteza kingo za mchanga alikotagia. Athari zake zinaendelea hadi Iraki, ambako vinamasi vya kusini, vilivyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2016, vinategemea maji ya mto huo huo.

Kaburi la Zeynel Bey lilisalimika, na ni vyema. Lakini lilijengwa litazamane na mto, daraja na ngome, mahali ambapo wapitao njia wangemkumbuka aliyelala humo. Sheria ilimtambua mwenye jengo na mwenye bwawa. Uhusiano kati ya jengo, mto na watu, ambao ndio ulioifanya Hasankeyf kuwa mji, haukuwa na mwenyewe mbele ya sheria. Na ndio uliozama.